Altaneta Kutoka Volo Volo

Siku trekta liliporudi kinyumenyume na kukosa kidogo tu kumsaga Koko Chamsia, Hachim aliapa kwamba hatalipanda tena mpaka lipone. Ulikuwa mwaka wa themanini na tano. Kimbunga kilikuwa kimeng'oa bomba la maji kule juu mtoni, na nyumba zote za mlimani Mirontsy zilikuwa zikimtegemea yeye, trekta lake, na tangi la maji alilolikokota asubuhi na jioni.

Zamani trekta lile lilikuwa jekundu. Wazungu wa shamba la mlangilangi walilitelekeza walipoondoka, na Hachim, aliyekuwa dereva wao, akalitoa kwenye majani kama mtu amtoaye ng'ombe wake matopeni. Injini haikuwa na neno. Maradhi yake yalikuwa umeme. Dainamo, ile mashine iliyozungushwa na mkanda wa injini ili kujaza betri, iliungua, na tangu hapo betri ikawa sanduku tupu. Kila alfajiri watu walilisukuma mteremkoni mpaka likakohoa na kuwaka, na likishawaka ilikuwa marufuku kuzimika.

Siku hiyo lilizimika. Mbuzi alikatiza njia chini ya msikiti, Hachim akakanyaga breki, injini ikanyamaza. Angekuwa na betri angegeuza ufunguo na safari ikaendelea. Lakini mlima ulikuwa mkali, tangi limejaa pomoni, na breki zilikuwa za umri wa trekta lenyewe. Likaanza kurudi. Nyuma yake alikuwa Koko Chamsia, bibi wa mtaa mzima, ambaye siku zote alifuata tangi na jiwe mkononi ili aliweke chini ya gurudumu wakati wa kugawa maji. Hachim alipiga kelele mpaka sauti ikamkatika. Tangi likagonga ukuta wa birika la kutawadhia, likasimama.

Hachim akaruka chini. Alimkuta bibi amekaa chini, hatua moja kutoka ukutani, jiwe lake amelipakata.

"Mwanangu," Koko Chamsia akamwuliza, "maji yamemwagika?"

Hachim akakaa chini kando yake, akalia mbele za watu.

Jioni yake wanawake wa mlimani wakachangishana. Koko Chamsia ndiye aliyemletea mchango ule umefungwa kwenye kitambaa. "Nenda Moroni," akamwambia. "Huko kila kitu kinateremka melini. Ukitafute hicho kifaa, na usirudi na maneno."

Hachim akaifungua ile dainamo iliyokufa, akaitia guniani, akapanda boti Mutsamudu kuvuka mpaka kisiwa cha jirani. Aliteremka bandari ya zamani ya Moroni mgongo ukimuuma, akapandisha moja kwa moja mpaka soko la Volo Volo. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na umeme kwake ulikuwa kama mambo ya majini: ulikuwepo, ulidhuru, na haukuonekana.

Muuza vipuri aliyeelekezwa kwake aliitwa Idarousse, mtu mnene mcheshi, meza yake imefunikwa vyuma vyenye mafuta. Alimsikiliza Hachim huku akichekelea Kindzuani chake, lahaja ya kisiwani kwao, kisha akainama chini ya meza akatoa mashine kubwa inayong'aa.

"Siku hizi hakuna dainamo, bwana. Kuna altaneta. Kazi ni ileile, nguvu mara mbili. Na hii imetoka kwenye lori la askari! Unawaona wale Wazungu wenye sare nyeusi wanavyokimbiza malori? Mashine yao haifi."

Hachim akaipapasa. Ilikuwa nzito, safi, ya kutia moyo. Akaingiza mkono mfukoni kutafuta kile kitambaa.

"Hiyo ni ya volti ishirini na nne, baba," sauti ikasema kando. "Trekta lako ni la ngapi?"

Aliyesema alikuwa mwanamke wa meza ya pili, muuza nyuzi, zipu na vifungo. Umri wake haukupita arobaini. Alikuwa akipanga vibiringo vya uzi, wala hakuinua kichwa.

"Mama Hassanati," Idarousse akacheka, "uza vifungo vyako."

"Nauza. Nimeuliza tu." Sasa akamtazama Hachim. "Betri yako ina vifuniko vingapi vya kutilia maji?"

Hachim akahesabu kwa mawazo. "Sita."

"Basi ni volti kumi na mbili. Ukiifungia hiyo, betri itachemka kama sufuria ya muhogo na taa zako zitapasuka moja baada ya moja. Nionyeshe iliyokufa."

Hachim akafungua gunia. Hassanati akaipokea dainamo kwa mikono miwili, akaizungusha, akainusa kama mtu anusaye samaki sokoni. "Koili imeungua. Hakuna cha kuponya hapa." Akakata kipande cha uzi, akakilaza ndani ya mfereji wa puli, pale mkanda unapokaa, akafunga fundo dogo kuweka alama ya upana. Kisha akauliza swali ambalo Hachim hakuwahi kuulizwa maishani:

"Kwenye trekta lako, ni upande gani wa betri uliofungwa kwenye bodi? Chanya au hasi?"

Hachim akafumba macho. Alikuwa ameifungua na kuifunga betri ile mara elfu. Aliuona waya, akaona ulikokwenda, akaona alama ya msalaba kwenye kichwa cha betri. "Chanya," akasema, mwenyewe akishangaa.

"Nilidhani hivyo. Matrekta mengi ya Kiingereza ya miaka ile ndivyo yalivyo. Altaneta hizi zinataka hasi kwenye bodi. Ungefika kwenu, ukaifunga hivihivi, ungeiua kabla injini haijapumua mara mbili. Na hapo ungesema Idarousse kakuuzia mbovu."

Idarousse hakucheka tena. Walikuwa majirani wa meza kwa miaka minane. "Wewe," akasema polepole, "umejifunza wapi haya?"

"Majunga. Baba yangu Soidri alikuwa na karakana ya umeme wa magari. Alikosa mtoto wa kiume, akanipa mimi koleo." Akarudisha kibiringo cha uzi mahali pake. "Baba alibaki kule. Sisi tukaletwa na ndege."

Hakuhitaji kuongeza neno. Moroni nzima iliwajua watu waliofukuzwa Majunga, kule Madagaska, kwa damu na moto, wakarudishwa mwaka wa sabini na saba. Waliitwa Sabena, jina la shirika la ndege lililowaleta, na mpaka leo walikuwa bado wakiitwa hivyo, kana kwamba hawajateremka ndegeni.

Hassanati akazunguka meza, akapiga magoti mbele ya rundo la Idarousse. Zilikuwepo altaneta tano. Ya kwanza aliizungusha, ikalia kama punje za mchele kwenye kopo. Beringi zimekwisha, akaiweka kando. Ya pili ilikuwa na ufa sikioni, pale bolti inapoishika. Tatu zilizobaki alizijaribu kwa betri na taa ndogo: waya huku, waya kule, kisha akabadilisha.

"Ndani yake kuna vilango," akamweleza Hachim. "Vinaruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Taa ikiwaka huku na kukataa kule, vilango ni vizima. Ikiwaka pande zote mbili, mlango umevunjika."

Mbili zikawaka pande zote. Ya mwisho, ndogo na ya vumbi, iliyotoka kwenye gari la Pijo lililoanguka njia ya Mitsamiouli, ikawaka mara moja na kukataa mara moja. Ilikuwa ya volti kumi na mbili, na kidhibiti chake kilikuwa kimefungwa mgongoni mwake, kwa hiyo kile kisanduku cha zamani cha kudhibiti dainamo kisingehitajika tena. Puli yake tu ndiyo haikulingana na uzi. Hassanati akaing'oa puli ya dainamo, akaivika altaneta ile pamoja na washa moja, kipete cha chuma, ikakaa.

"Hii," akasema.

Hachim akaitazama ile kubwa ya askari, akaitazama hii. Ilikuwa kama kuchagua mbuzi aliyekonda mbele ya fahali. Lakini alikuwa ameshaiona taa kwa macho yake. Akapatana bei na Idarousse, kisha akamgeukia mwanamke yule. "Mama, sasa nitaifungaje?"

"Kwa kujifunza," akajibu. "Njoo nyumbani baada ya alasiri. Mama yangu yupo."

Siku mbili Hachim alikaa uani kwa akina Hassanati, juu ya gogo, mbele ya ubao uliopigiliwa misumari. Betri iliazimwa kwa Idarousse, ambaye aliileta mwenyewe na akabaki kutazama. Bi Dhakia, mama yake Hassanati, alikaa kizingitini akichagua mchele na kusikiliza. Hassanati alifundisha kama mwalimu wa chuo cha Kurani: anasema, mwanafunzi anaitikia, akikosea anarudia tangu mwanzo.

"Kwanza kabisa?"

"Geuza betri. Hasi kwa bodi."

"Waya mnene?"

"Kutoka altaneta kwa betri. Usiwe ule wa zamani, ni mwembamba, utaungua."

"Waya mwembamba?"

"Kwa taa. Taa kwa swichi."

"Na chini ya bolti?"

"Kwangua rangi, chuma kiguse chuma."

"Na injini ikiwa inanguruma?"

"Betri usiifungue, hata nyumba ikiungua!"

Bi Dhakia akacheka mpaka mchele ukamwagika. "Maneno ya Soidri hayo," akasema. "Hayo hayo." Kisha akajifuta macho kwa ncha ya leso, akaendelea kuchagua.

Asubuhi ya kuondoka Hassanati alimpa karatasi ya mfuko wa saruji. Alikuwa amechora kila kitu: betri, altaneta, taa, swichi, na nyaya zikiwa mistari minene na myembamba. Hachim akaikunja, akaitia kifuani. Alipotaka kusema asante, maneno yote yaliyomjia yalikuwa madogo. Akasema tu, "Mungu akulipe, fundi." Hassanati aliposikia neno hilo la mwisho aligeuza uso.

Kabla ya kufika bandarini, njia ilikuwa imezibwa. Mwaka ule minong'ono ya uasi ilikuwa kila kona, na walinzi wa rais, wale wa sare nyeusi, walikuwa wepesi wa kidole. Askari mwenyeji akamwamuru Hachim amwage gunia. Altaneta ikatoka, nyaya zikining'inia kama utumbo. Askari akaruka nyuma, akaikoki bunduki. Watu wote waliokuwa njiani wakalala chini.

"Ni ya trekta!" Hachim akapiga kelele, mikono juu. "Trekta la maji!"

Mzungu mmoja akaja taratibu, mrefu, shingo nyekundu kwa jua. Akamsachi Hachim, akaitoa karatasi kifuani, akaikunjua. Hachim aliona kwa macho ya wale watu kile alichokuwa amebeba: mchoro wa nyaya, betri na taa, mfano wa bomu. Akaanza kusoma shahada kimoyomoyo.

Mzungu aliusoma mchoro kwa muda mrefu, akiufuatisha kwa kidole. Akachuchumaa, akaizungusha puli ya altaneta, akasikiliza. "Nani kachora?" akauliza kwa Kifaransa.

"Mwanamke. Wa Volo Volo."

Mzungu akamtazama kama anayetaniwa. "Kachora vizuri," akasema, akasimama, akaashiria aachwe apite. Lakini karatasi aliikunja akaitia mfukoni mwake. Hachim hakuthubutu kuiomba. Akaokota chuma chake, akafika botini dakika chache kabla haijang'oa nanga.

Kwa hiyo safari nzima alikariri somo lile. Abiria walidhani ni nyiradi, wakampisha nafasi. Hasi kwa bodi. Mnene kwa betri. Mwembamba kwa taa, taa kwa swichi. Mawimbi yalimtapisha mara mbili, na mara mbili alirudia tangu mwanzo.

Mirontsy aliifunga altaneta hadharani, maana hapakuwa na namna nyingine. Mlima mzima ulikuja kutazama. Fundi chuma wa Mutsamudu alikuwa amemtengenezea bamba la kuishikilia. Hachim alikwangua rangi mpaka chuma kikawa cheupe, akaupanga mkanda unyooke kutoka puli hadi puli. Akaigeuza betri. Hapo akakuta kwamba kichwa cha hasi ni chembamba kuliko cha chanya, na kile kibano cha bodi kilikuwa kinachezacheza. Mvuvi mmoja akakata kipande cha risasi ya nyavu zake, wakakipondaponda kikawa bamba jembamba, wakakizungushia kichwa cha betri, kibano kikakamata. Betri yenyewe ilikuwa imejazwa umeme kwa Dhoihir, mwenye teksi.

Akageuza swichi. Taa ndogo ya kwenye dashibodi ilipaswa kuwaka nyekundu. Haikuwaka.

Watu wakasogea karibu. Hachim akainama. Alifuata kila waya kwa kidole, akakuta kila kitu mahali pake. Akakaa juu ya gurudumu, akafumba macho, akarudi kwenye ule ua. Mwembamba kwa taa, taa kwa swichi. Na Hassanati alisema nini alipouliza taa ni ya nini, kama si pambo? Alisema: "Altaneta hulala. Umeme mdogo unaopita kwenye taa ndio unaoiamsha. Taa ikifa, nayo haiamki."

Akaichomoa taa, akaielekeza juani. Ule uzi wa ndani ulikuwa umekatika, pengine tangu siku za Wazungu.

"Dhoihir!" akaita. "Nikopeshe taa ya dashibodi yako!"

"Na mimi nitaendeshaje?"

"Kwa macho! Ni mchana!"

Watu wakacheka, na Dhoihir, aliyekuwa na aibu ya kunyima mbele ya watu wote wale, akaileta. Hachim akaibandika, akageuza swichi. Ikawaka, nyekundu kama pilipili iliyoiva. Akageuza ufunguo mpaka mwisho. Stata ikalia, injini ikashika papo hapo, bila mteremko, bila kusukumwa na mtu. Akaongeza mafuta kidogo. Ile taa nyekundu ikafifia, ikafifia, ikazimika.

"Imekufa tena?" mtu akauliza.

"Hapana," Hachim akasema. "Ikizimika ndiyo inafanya kazi."

Kisha, kwa makusudi, akazima injini. Mlima wote ukaguna. Akageuza ufunguo, ikawaka. Akazima, akawasha. Wanawake wakapiga vigelegele, na Koko Chamsia akaja kulipapasa bawa la gurudumu kwa kiganja, kama amsifuye mtoto aliyehitimu.

Ijumaa ile, baada ya sala, wazee wakamsimamisha kumshukuru. Wakamwita fundi. Hachim akakataa. "Mimi ni mkono tu," akasema. "Fundi ni mwanamke. Jina lake Hassanati binti Soidri, ni katika watu waliotoka Majunga. Anauza vifungo Volo Volo." Wengine wakatazamana, mmoja akakohoa. Hachim akalirudia jina lile, na safari hii kwa sauti kubwa zaidi, mpaka akahakikisha kwamba hata waliokuwa wakivaa viatu nje wamelisikia.

Miezi minne ikapita, maji yakipanda mlimani kila siku, kabla hajapata nafasi ya kurudi Moroni. Safari hii gunia lilikuwa na karafuu, na juu yake mkeka ambao Koko Chamsia aliusuka mwenyewe kwa macho yake mabovu. Njia nzima Hachim aliandaa hotuba ya shukrani. Volo Volo alikuta meza ya vifungo ina mtu mwingine, binti mgeni.

"Fundi yuko nyumbani," Idarousse akamwambia, bila hata kutabasamu, kama anayetaja jambo la kawaida. "Kama una kazi, ujue kuna foleni."

Uani, pale kwenye gogo, palikuwa na stata mbili, dainamo moja, na altaneta iliyopasuliwa matumbo. Hassanati alikuwa amepiga magoti katikati, mikono myeusi mpaka viwikoni.

"Bwana Hachim! Umeniletea balaa," akasema akicheka. "Hiyo dainamo imetoka Mutsamudu, na stata ile pia. Wote wanasema wamesikia jina langu msikitini!"

Hachim akautandaza mkeka, akaweka karafuu, akaanza hotuba yake. Hassanati akaipangusa mikono kwenye kitambaa, akamkatiza kwa upole.

"Ngoja. Anza kunisikiliza mimi. Miaka minane nimekaa kwenye meza ile. Watu waliniuliza bei ya zipu. Waliniuliza nitarudi lini kwetu, na kwetu ni hapa. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ninachokijua. Ulipofungua gunia lako, harufu ya koili iliyoungua ikatoka, nikajiona nimesimama karakanani kwa baba. Nilikuwa nimeanza kumsahau sauti." Akatazama chini. "Sasa namsikia kila siku. Ananigombeza. Kwa hiyo usinishukuru peke yako, tushukuriane."

Hachim akaketi ukingoni mwa mkeka. Hotuba yote ilikuwa imemtoka. Bi Dhakia akaupitisha mkono juu ya mkeka, akiusifu ususi wake, akaenda kuweka maji ya chai.

"Boti yako inaondoka lini?" Hassanati akauliza.

"Kesho."

"Basi shika hapa." Akamsogezea stata ya Mutsamudu. "Shika kwa nguvu, nati hii imeota kutu."

Hachim akakunja mikono ya kanzu yake, akapiga magoti, akashika.